Mlalo na Wima: Mhadhara Juu ya Mwendo wa Kitu Kilichorushwa

Kitabu chochote cha fizikia cha wanaoanza hufika mahali kikasema hivi: kitu kikirushwa angani, ugawe mwendo wake mara mbili, wa mlalo na wa wima, kisha ukokotoe kila mmoja peke yake kana kwamba mwenzake hayupo. Mwanafunzi huandika, hukariri, huingiza tarakimu katika fomula, na jibu hutoka. Ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba sentensi hiyo moja ndiyo iliyobeba fizikia yote ya sura nzima, na ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote. Husomwa kama agizo la kupanga hesabu, ilhali ni dai kuhusu maumbile, dai linaloweza kuwa kweli au uongo, lililowachukua watu karne nyingi kulifikia, na ambalo huwa kweli kwa masharti. Asiyeyajua masharti hayo hajauelewa mwendo wa kitu kilichorushwa, hata akiwa amepata alama zote za mtihani.

Kwamba kukokotoa si kuelewa, ushahidi upo. Mwaka 1980 Michael McCloskey na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha katika jarida la Science majibu ya wanafunzi wa chuo kikuu kwa maswali mepesi kabisa. Bomba lililojikunja limelazwa mezani. Mpira mdogo unapita ndani yake kwa kasi na kutokea upande wa pili. Ukishatoka, utafuata njia gani? Idadi kubwa walichora njia iliyoendelea kupinda, kana kwamba mpira umejifunza kona ndani ya bomba na sasa unaikumbuka, na kati yao walikuwamo waliokwisha kusoma fizikia. Miaka mitatu baadaye McCloskey alirudi na swali jingine: mtu anatembea ameshika mpira, anauachia bila kusimama, je, utaangukia wapi? Wengi walisema utashuka wima hadi pale chini ya mahali ulipoachiwa. Kweli ni kwamba mpira huendelea mbele pamoja na aliyeuachia, ukatua karibu na miguu yake. David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walipotoa mwaka 1992 mtihani wao wa dhana ya kani, wenye maswali yasiyohitaji hesabu, walimu wengi waligundua kwamba wanafunzi wao waliomudu fomula vizuri walikwama kwenye maswali ambayo walimu hao waliyadhania ya kitoto.

Haifai kuwacheka. Aliyejibu kwamba mpira unashuka wima hakubahatisha. Anayo nadharia, na nadharia hiyo ina ukoo mrefu na wa heshima. Inasema kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na kisukumo kikiisha mwendo huisha. Aristotle aliifundisha kwa namna moja; Philoponus wa Alexandria, Ibn Sina na baadaye Jean Buridan wa Paris waliisahihisha kwa kusema kwamba mrushaji hukiachia kitu nguvu fulani ndani yake. Juu ya msingi huohuo likasimama wazo lililoonekana dhahiri: mwendo wa asili wa kushuka na mwendo wa kulazimishwa wa kusonga mbele haiwezi kukaa pamoja kwa amani katika kitu kimoja, bali mmoja hungojea mwenziwe uchoke. Niccolò Tartaglia, katika kitabu chake cha mwaka 1537 kuhusu mizinga, aliichora njia ya tufe kama mstari ulionyooka, kisha kipande cha duara, kisha mstari wa wima hadi ardhini. Mwaka 1546 alikiri kwamba kwa hakika hakuna sehemu ya njia hiyo iliyonyooka kabisa, lakini picha ya mwendo mmoja kuupisha mwingine ilikwisha kukaa vichwani mwa watu, na ukiwauliza wapita njia leo utaikuta bado iko hai.

Galileo ndiye aliyeivunja, na inafaa tuone alivyoivunja, kwa maana hakuanza na aljebra. Katika mswada wake unaohifadhiwa Florence kuna karatasi, ya 116, ambayo wanahistoria huiweka mwaka 1608. Stillman Drake aliitangaza kwa wasomi mwaka 1973. Inaonyesha tufe likiteremka kwenye mteremko, likigeuzwa kuelekea mlalo ukingoni mwa meza, kisha likianguka sakafuni. Galileo aliliachia kutoka vimo mbalimbali vya mteremko na kupima lilipotua. Hoja yake ni fupi na nzito. Kimo cha meza hakibadiliki, kwa hiyo ikiwa kwenda mbele hakugusi kushuka hata chembe, tufe la kasi na tufe la polepole yatakaa hewani muda uleule, na umbali wa kutua utakuwa kipimo cha kasi ya mlalo tu. Kwa kuwa kasi hiyo hukua kwa kipeuo cha pili cha kimo cha mteremko, tufe lililoachiwa kutoka kimo mara nne lazima litue umbali mara mbili. Karatasi hiyo ina namba alizopima na namba alizotarajia, na tofauti zake ameziandika pembeni. Hazilingani kabisa, lakini zinakaribiana kiasi cha kumridhisha mtu aliyekuwa akipima kwa vifaa vya wakati ule. Miaka thelathini ilipita kabla hajayachapisha mawazo hayo kikamilifu, mwaka 1638 mjini Leiden, akiwa mzee aliyezuiliwa nyumbani kwake Arcetri kwa amri ya kanisa. Siku ya nne ya kitabu hicho, kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, ndiyo iliyolipa umbo la parabola nafasi yake katika fizikia.

Kwa nini basi kwenda mbele hakukugusi kushuka? Jibu halimo katika hesabu, limo katika kani. Karibu na uso wa dunia, uvutano hulivuta jiwe kuelekea chini kwa kiasi kilekile, liwe limetulia au linakimbia. Hauulizi jiwe linakwenda kasi gani, wala upande gani. Na kwa kuwa unaelekea chini tu, hauna mkono wowote katika mlalo. Hapo mambo mawili yanafuata mara moja: kasi ya mlalo haibadiliki, kwa sababu hakuna cha kuibadilisha, na kasi ya wima hubadilika kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kwa sababu hicho ndicho uvutano unachotoa. Sarafu iliyodondoshwa kutoka meza ya sentimita 80 na sarafu iliyopigwa kidole ikaruka kutoka meza hiyohiyo kwa mita 2 kwa sekunde, zote mbili hufika sakafuni baada ya takriban sekunde 0.4, ya pili inatua sentimita 80 hivi mbele. Sikio linatosha kuwa kipimo: mlio unasikika mmoja. Na aliyeshika hoja ya kani hakosei lile swali linalowaangusha wengi, la mpira uliopigwa kwa mshazari ulipofika kileleni. Wengi husema hapo mpira umesimama na mchapuko wake, yaani badiliko la kasi yake kila sekunde, ni sifuri. Haujasimama, maana kasi yake ya mlalo ni ileile uliyoanza nayo. Na mchapuko wake ni uleule wa 9.8, maana dunia haikuacha kuuvuta kwa sababu tu umefika juu.

Hoja hii ilibeba uzito mkubwa kuliko sarafu. Waliokataa kwamba dunia inazunguka walisema jiwe lililoachiwa kutoka juu ya mnara lingebaki nyuma, kwa kuwa dunia ingekuwa imeshasonga. Mwaka 1640 Pierre Gassendi aliliweka jambo hilo kwenye majaribio huko Marseille, akaangusha mawe kutoka juu ya mlingoti wa merikebu iliyokuwa ikipigwa makasia kwa kasi. Mawe yalitua chini ya mlingoti, kama vile chombo kimetia nanga. Jiwe halikusahau mwendo wa chombo lilipoachiwa, kwa sababu hapakuwa na kani ya mlalo ya kulisahaulisha.

Sasa atasimama mtu mwenye akili ya hisabati aseme: unakuza jambo dogo. Vekta yoyote, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, hugawanyika katika sehemu mbili. Huo ni ukweli wa jometri, na hauhitaji Galileo wala merikebu. Pingamizi hili ni zuri, na kulijibu ndiko kunakoifichua hoja yangu. Ni kweli kwamba kugawanya kunawezekana daima. Unaweza kuigawa kani kwa mlalo na wima, au kwa mishazari yoyote miwili inayokutana kwa pembe mraba, na kanuni ya Newton itasimama kwa kila sehemu. Lakini kugawanya ni jambo moja, na kutengana ni jambo jingine. Baada ya kugawanya unapata milinganyo miwili, na swali la fizikia ni hili: je, mlinganyo wa mlalo unaweza kutatuliwa bila kujua kinachoendelea kwenye wima? Jometri haijui jibu la swali hilo. Linalijua umbo la kani. Uvutano wa jiwe la mkononi unaruhusu kutengana kwa sababu hautegemei kasi wala mahali. Kwa kweli unaruhusu kutengana hata kwa mihimili iliyoinama, ndiyo maana mwalimu anaposhughulikia mteremko hugeuza mhimili mmoja ulale nao. Anachopoteza ni ule wepesi tu wa kuwa na upande mmoja usio na mchapuko kabisa. Kani nyingine hazina ukarimu huo.

Hewa ni mfano ulio karibu nasi kuliko wote, na hapa ndipo wenye kushuku hupandisha sauti: sura nzima ya kitabu ni uongo, wanasema, kwa kuwa hakuna mtu anayerusha mpira katika ombwe. Hawajakosea kuhusu ukubwa wa jambo. Mpira wa miguu una uzani wa gramu 410 hadi 450, na ukipigwa kwa mita 30 kwa sekunde, ukinzani wa hewa unakaribia uzito wa mpira wenyewe. Benjamin Robins, Mwingereza aliyepima kasi za risasi mwaka 1742, aliwaonyesha mabingwa wa mizinga kwamba ukinzani juu ya risasi unauzidi uzito wake mara nyingi, na kwamba majedwali yao ya parabola hayakuwa na maana kwa silaha za kasi. (Kwa hiyo wapiga mizinga wa Tartaglia, walioona tufe likishuka wima zaidi kuliko lilivyopanda, hawakuwa vipofu. Waliona sawasawa, wakaeleza vibaya.)

Lakini tazameni jinsi hewa inavyoiharibu kanuni, kwa kuwa hapo ndipo pana somo lenyewe. Wengi hudhani hewa inaongeza tu breki kwenye mlalo na breki nyingine kwenye wima, kila moja kwa nafasi yake. Ingekuwa hivyo kama ukinzani ungekua kwa uwiano sawa na kasi, jambo linalotokea kwa chembe ndogo sana zinazozama polepole katika kimiminika kizito. Kwa mpira, jiwe au risasi, ukinzani hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yote kwa jumla. Breki ya wima basi inaitegemea kasi ya wima na pia kasi ya mlalo, kwa kuwa zote mbili zimo katika jumla hiyo. Milinganyo miwili imefungwa kamba moja. Matokeo yake yanaweza kutabiriwa hata bila kompyuta: kwenye hewa, risasi iliyofyatuliwa mlalo na risasi iliyodondoshwa kutoka kimo hichohicho hazifiki chini pamoja, hata ardhi ikiwa tambarare kabisa. Iliyofyatuliwa huchelewa kidogo, maana mbio zake za mbele zimeongeza breki dhidi ya kushuka kwake. Swali hili la risasi mbili limo katika vitabu vingi, na jibu la "zinafika pamoja" hutolewa bila sharti lolote. Mwanafunzi anayekariri jibu amepata kanuni ya ombwe. Anayeuliza kani inategemea nini amepata kanuni, na mpaka wake pia, na sababu ya mpaka huo kuwapo pale ulipo.

Kuna kufungamana kwingine ambako hakutoki kwenye hewa wala uvutano, bali kwa mrushaji mwenyewe, na vitabu hukupita kimya. Fomula inasema kwamba kwa kasi moja, umbali mkubwa hupatikana kwa pembe ya digrii 45, na pembe mbili zilizo sawa juu na chini ya hapo hutoa umbali mmoja. Kitu kikirushwa kwa mita 20 kwa sekunde kwa digrii 30 au 60 kitatua mita 35 hivi kutoka kilipoanzia, ingawa cha kwanza kitakaa hewani sekunde 2 na cha pili sekunde 3.5. Hesabu ni safi. Kisha mtu anatazama mashindano ya kutupa tufe au mkuki na kuona wanamichezo bora wakitupa kwa pembe iliyo chini ya 45, akauliza kama hawajui fizikia. Julius Yego wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa kutupa mkuki mita 92.72, bila shaka alikuwa anajua alilokuwa akilifanya. Mkuki huachiwa kutoka juu ya bega, si ardhini, na hewa huusaidia kuelea; hizo ni sababu mbili. Ya tatu ndiyo inayotuhusu: fomula ilichukulia kwamba kasi na pembe ni vitu viwili visivyojuana, kwamba mtupaji anaweza kuchagua pembe yoyote na kasi ikabaki ileile. Mwili wa binadamu haufanyi hivyo. Kadiri anavyotupa kuelekea juu, ndivyo misuli inavyopambana zaidi na uzito na kasi ya kuachia inavyopungua. Kilele cha umbali kinahama kutoka 45, na kinahama kwa sababu dhana ya kutojuana imevunjwa mapema, mkuki ukiwa bado mkononi.

Nahodha yuko katika hali hiyohiyo. Mlango wa maji una upana wa mita 200, mkondo wa maji unakwenda mita 1 kwa sekunde, na mashua inakwenda mita 2 kwa sekunde majini. Akielekeza omo ng'ambo moja kwa moja, atavuka kwa sekunde 100, mkondo uwepo usiwepo; mkondo utamsogeza mita 100 kando, basi. Lakini akitaka kutua mkabala na alipotoka, itambidi aukabili mkondo kwa mshazari. Injini yake haina kasi nyingine ya akiba, kwa hiyo anachotumia kuufuta mkondo anakikata kwenye kuvuka: anabakiwa na mita 1.73 kwa sekunde, na safari inafika sekunde 115. Mkondo wenyewe haukuugusa muda wa kuvuka. Uamuzi wa kunyoosha njia ndio uliougusa, kwa kuwa pande mbili sasa zinalishwa na injini moja.

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba anayeanza hawezi kubebeshwa haya yote. Kwanza ajue kuogelea katika maji yasiyo na mawimbi, ndipo apelekwe mkondoni. Nakubali kuhusu utaratibu wa hesabu. Sitaki kidato cha tatu kitatue milinganyo ya ukinzani wa hewa, ambayo kwa kalamu na karatasi haina jibu rahisi. Ninachokataa ni kwamba sharti la kanuni ni mzigo wa ziada juu ya kanuni. Kusema "hakuna kani ya mlalo, kwa hiyo kasi ya mlalo haibadiliki" si kugumu kuliko kusema "kasi ya mlalo haibadiliki", bali ni kwepesi zaidi, kwa sababu sentensi ya kwanza inajieleza na ya pili inadai kukaririwa. Kuna anayeogopa kwamba mwanafunzi akiambiwa kanuni ina mipaka ataacha kuiamini. Nadhani hatari iko upande mwingine. Kijana aliyefundishwa kwamba mpira hufuata parabola siku zote, kisha akauona uwanjani ukishuka ghafla kuliko parabola, ana njia mbili: kuacha kuyaamini macho yake au kuacha kuiamini fizikia. Wengi huchagua kuiweka fizikia katika daftari na macho katika uwanja, na vitu hivyo viwili havikutani tena. Majibu ya wanafunzi wa McCloskey yanasomeka hivyo hasa: ya daftarini yalikuwapo, lakini swali lilipokuja bila fomula, walilijibu kutoka uwanjani.

Hata muda wa silabasi hauzuii. Maswali kumi ya kutafuta umbali wa kutua, yanayotofautiana kwa tarakimu tu, yanaweza kuwa manne, na nafasi iliyobaki ikachukuliwa na maswali ya kuuliza kama kutengana kunaruhusiwa. Jiwe ndani ya basi linalokwenda mwendo wa kudumu? Ndiyo. Jiwe ndani ya basi linalofunga breki, ukipima kutoka ndani? Bado milinganyo inatengana, ila mlalo sasa una mchapuko wake. Unyoya? Hapana, mpaka umpelekee David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, aliyedondosha nyundo na unyoya mwezini mwaka 1971 vikafika chini pamoja. Tarakimu hazihitajiki katika hayo, na mwalimu atajua mara moja nani ameelewa.

Limebaki pingamizi moja, ambalo Galileo mwenyewe aliliweka kinywani mwa washiriki wa mazungumzo yake. Mlalo ulionyooka, wanasema, haubaki na umbali uleule kutoka kitovu cha dunia. Kadiri unavyosogea mbele ndivyo unavyopanda, na mistari yote ya wima hukutana kitovuni. Kwa hiyo "chini" ya hapa si "chini" ya kule. Galileo alijibu kwamba kwa umbali wa mizinga yetu kosa hilo ni dogo mno mbele ya ukubwa wa dunia, na alikuwa sahihi. Lakini Newton alilifuata pingamizi lenyewe hadi mwisho: chukua mlima mrefu kupita hewa, fyatua tufe mlalo kwa kasi inayozidi kukua. Likifika takriban kilomita 7.9 kwa sekunde, katika kila sekunde litashuka mita 4.9 kutoka mstari ulionyooka, na ardhi nayo itakuwa imepinda mita 4.9. Halitatua kamwe. Parabola ya Galileo ilikuwa ncha fupi ya duaradufu ambayo hakuwa na sababu ya kuiona.

Pwani yetu imeshuhudia jambo hilo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitalia walianza kurusha satelaiti mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, iliondoka pale satelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Ikweta ilichaguliwa kwa hoja ileile ya Gassendi: roketi iliyosimama pale tayari inakwenda mashariki kwa takriban mita 465 kwa sekunde pamoja na dunia, na haiusahau mwendo huo inapoondoka. Ilipofika juu, kiasi cha kilomita 500 na zaidi, ikawa inaizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Robo ya mzunguko ni dakika 24, na katika dakika hizo upande uliokuwa mlalo mwanzoni umekuwa wima, na uliokuwa wima umekuwa mlalo. Mwenye fomula mbili zilizotengana hana pa kuziingizia tarakimu. Aliyezoea kuuliza kani inaelekea wapi anaandika mlinganyo uleule wa Newton, anaielekeza kani kwenye kitovu cha dunia badala ya sakafuni, na kuanza kukokotoa.